Utepe Mwekundu wa Bahasha

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua hainiudhi kama inavyowaudhi watu wengine. Hunirudisha kwetu, kijiji kidogo ukingoni mwa Mto Tana, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ngao, mwaka niliokuwa na miaka kumi na masika yakaja mapema kuliko watu walivyotarajia. Harufu hiyo haiji peke yake. Huja na tope la mto linaloanza kuchacha juani, na moshi wa kuni mbichi, na makapi ya mpunga yaliyorundikwa nyuma ya nyumba. Katikati ya hayo yote namwona Bahasha amejikunyata mlangoni, anakung'uta masikio na kunirushia matone usoni, kisha ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemlowesha.

Bahasha alikuwa mbwa wetu wa kulinda shamba, lakini nyumbani kila mtu alijua ni wangu. Aliletwa na Mjomba Buya, kitinda mimba katika ndugu zake mama, akiwa kitoto kilichotiwa kikapuni na kuvushwa kwa mtumbwi. Manyoya yake yalikuwa na rangi ya kaki, ile ya bahasha za barua za serikali, na Mjomba alipomweka mikononi mwangu alisema nimeletewa barua, nisome polepole. Jina likabaki hilo. Baba alikuwa akifanya kazi Malindi na tulimwona mara mbili tatu kwa mwaka, kwa hiyo mwanamume wa kuegemea pale nyumbani alikuwa Mjomba. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alivusha watu na magunia yao kwa mtumbwi, alijua kila mahali ambapo viboko walipenda kupumzikia, na posa yake ilikuwa imekwisha kupokewa kwa watu wa Ozi. Arusi ilingoja mavuno ya mpunga tu. Mchana mimi na Bahasha tulishinda shambani tukifukuza nyani na ngedere waliotaka kumaliza mahindi, na jioni Mjomba alipoegesha mtumbwi, mbwa alimsikia kabla yetu sote akashuka mbio hadi majini.

Kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, daktari wa mifugo alikuja kutoka kliniki ya Garsen kwa pikipiki, na kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma. Tulimwita Daktari Halima. Alikuwa binti wa wafugaji wa Kiorma, mrefu, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikwenda taratibu kama mtu anayepima kila neno. Alisimama kwenye uwanja wa shule akatueleza mambo ya msimu unaokuja. Alisema mvua zikianza kupe huzaliana majanini, basi tuwapekue mbwa masikioni na katikati ya vidole kila jioni. Alisema maji ya mafuriko yaliyotuama si ya kunyweshwa mnyama, hata kama yanaonekana safi. Zaidi ya yote alisema kwamba mto ukifurika, watu na wanyama wote hukimbilia palipoinuka, na bweha nao huja hapo hapo, na huo ndio wakati kichaa cha mbwa hupita kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana chanjo hutolewa kabla ya mvua. Halafu akainua mkono wake mwenyewe, akatuonyesha vidole.

"Mbwa akibadilika tabia, akatokwa na mate, usitie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa," alisema. "Mfungieni, mniite. Na akimuuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, halafu mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje aone kama anaumwa."

Niliyasikia maneno hayo yote. Nilikuwa mstari wa mbele, na mimi ni mtu ambaye tangu utotoni nikiambiwa jambo silisahau.

Chanjo ilikuwa ifanyike kesho yake asubuhi, ya kwanza kwa Bahasha. Mama alikwenda kuvuna ndizi akaniachia kazi ya kumpeleka Bahasha. Lakini wiki hiyo Bahasha alikuwa akichechemea kwa mwiba, na sikio lake moja lilikuwa na kidonda, na shuleni watoto walikuwa wamenikalia kooni kwa maneno yao: kwamba daktari ana sindano za aina mbili, moja ya mbwa wazima na moja ya mbwa wabovu, na mbwa akichomwa ile ya pili haamki tena. Nilimtazama Bahasha anavyokwenda kwa miguu mitatu nikaamini atahesabiwa miongoni mwa wabovu. Nikampeleka upande wa pili wa kijiji, kwenye kibanda cha shambani, nikamfunga humo na kukaa naye nimemkumbatia shingo mpaka niliposikia pikipiki ikiondoka.

Tatizo lilikuwa utepe. Kila mbwa aliyechanjwa alifungwa utepe mwekundu shingoni, ili hata mgeni akimwona ajue. Mama alikuwa na leso nyekundu kuukuu aliyoitumia kufunikia unga. Nikachana pindo lake, kipande chembamba, nikamfunga Bahasha kwa fundo kama nililoliona kwa mbwa wa majirani. Mama aliporudi alimpapasa kichwani, akasema vizuri, akaingia jikoni. Nilifurahi sana siku ile. Nilijiona nimemwokoa.

Hazikupita wiki nyingi mto ukavunja kingo. Maji yaliingia mashambani bila haraka, kama mtu anayejua njia, na baada ya siku mbili tukahamia kwenye mwinuko ulio upande wa barabara ya Garsen pamoja na nusu ya kijiji, mbuzi, kuku na magodoro. Mambo yakawa kama Daktari Halima alivyosema. Bweha walitangatanga pembeni mwa mahema mchana kweupe, hawana woga wa kawaida, na asubuhi moja Bahasha alipigana na mmoja wao karibu na lundo la kuni. Alirudi na alama mbili za meno puani. Nilimwosha. Mama aliuliza kama ameumia sana, nikasema hapana. Mwezi mmoja hivi baadaye, maji yakiwa yameanza kupungua, Bahasha akaacha kula. Akawa analala chini ya mkokoteni, nikimwita haji. Sauti yake ikakauka, mate yakawa yanamdondoka, na taya lake likaning'inia kama bawaba iliyolegea.

Mjomba aliporudi kutoka kuvusha watu alimtazama, akacheka kidogo kwa huruma, akasema amekwamwa na mwiba wa kambare. Akachuchumaa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Nilijua nilichopaswa kusema, na sikukisema. Akamshika Bahasha taya kwa mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia, na Bahasha, ambaye hajawahi kumng'ata mtu tangu azaliwe, akaufunga mdomo juu ya vidole vyake. Haikuwa jeraha kubwa. Mikwaruzo miwili na tundu moja dogo kwenye kifundo cha kidole cha shahada. Mjomba aliufuta mkono kwenye suruali. Jirani mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akianika nguo, alimwambia apande mtumbwi aende hospitalini. Mjomba akanigeukia.

"Hawayu, huyu si alichanjwa?"

"Ndiyo, Mjomba," nikasema.

"Basi hakuna neno," akamwambia yule jirani, akaonyesha utepe.

Bahasha alikufa siku ya tatu, chini ya mkokoteni ule ule. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemchimbia shimo, akanishika bega nikilia, akaniahidi mwingine. Wengine walisema ni sumu ya nyoka, wengine wakasema ni maji machafu. Utepe ulizikwa naye. Tulirudi kijijini, tukasomba matope nyumbani, tukaanza kusia mpunga upya, na kila siku nilijiambia leo nitasema. Siku moja nilishuka mpaka mtoni nikiwa nimeyapanga maneno yote. Mjomba alikuwa akiziba ufa wa mtumbwi. Aliponiona alianza kunieleza habari za arusi, kwamba mimi ndiye nitakayetangulia na sinia, kwamba nitashonewa gauni lenye mikono ya puto. Alikuwa mzima, mkono umepona, amebaki na kovu dogo jeupe. Nikamwona mtu asiye na kasoro yoyote, nikaona nikisema nitamharibia furaha yake na yangu bure. Nikamshikia kopo la lami mpaka akamaliza kazi.

Ilianza mkononi. Alisema kidole kinamwasha kwa ndani, kisha kinawaka moto, kisha mkono mzima ukawa hausemeki. Halafu ikaja homa. Mama alimpikia uji wa wimbi akampelekea mlangoni, na alipokiinua kikombe shingo yake yote ilikaza, akakisukuma kando, uji ukamwagika. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliufunika uso kwa mikono yake, mtu aliyezaliwa majini na kulala majini, akamwomba dada yake aondoe kile kikombe mbele ya macho yake. Walimpeleka hospitalini kwa mtumbwi wa mtu mwingine, wamemfunika kanga kichwani asiuone mto. Mama alirudi baada ya siku tatu, peke yake kwanza, kisha wakamleta Mjomba katika sanda. Alitueleza kwamba jambo la kwanza daktari alilouliza lilikuwa mbwa.

Posa ilirudishwa kutoka Ozi na wazee wawili. Yule binti aliyeposwa alikuja matangani, akakaa karibu na mama siku nzima, akiwa na hina mpya mikononi ambayo mtu fulani alimpaka kabla ya habari kufika.

Wiki moja baada ya maziko mama alikuwa akikusanya nguo za kufua. Nilimwona ameishika ile leso nyekundu, ameikunjua yote, anapitisha vidole mahali palipochanika. Kisha akaniita, si kwa ukali. Nilikwenda nikasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza nikayasema yote, kibanda, sindano za aina mbili, fundo, na ile "ndiyo" niliyomjibu Mjomba. Sikulia, kwa sababu nilidhani atanipiga na nilikuwa nimejitayarisha kwa kupigwa. Mama hakunigusa. Aliikunja leso ikawa ndogo kabisa.

"Usimwambie mtu," alisema. "Hata baba yako. Nimeshampoteza ndugu yangu. Sitaki nikupoteze na wewe midomoni mwa watu."

Hatukulizungumza tena. Alinilea, akanisomesha, akanioza, akanishikia wanangu walipozaliwa, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuona chuki machoni pake, ila kila masika yalipokaribia alikuwa akiishiwa maneno kwa siku kadhaa, nami nikijua kwa nini. Alifariki mwaka juzi. Nadhani ndiyo sababu naweza kuandika haya sasa.

Ninaishi Garsen siku hizi, nafundisha shule ya msingi. Kliniki ya mifugo haiko mbali na nyumba yangu, ingawa Daktari Halima alistaafu zamani na vijana waliopo hawanijui. Mambo yamekuwa mepesi. Kabla ya mvua ujumbe huja kwenye simu, redio hutangaza kwa Kipokomo, Kiorma na Kisomali, na gari lenye kipaza sauti hupita mitaani kuhimiza watu wawatoe mbwa na paka wao. Maneno ni yale yale: kupe, maji yaliyotuama, bweha, sabuni, siku hiyo hiyo. Watoto darasani kwangu wanayajua kwa moyo, na mimi huwauliza swali moja zaidi ambalo haliko kwenye matangazo. Huwauliza kama kuna anayeogopa sindano kwa ajili ya mbwa wake, na nikiona mkono unaoinuka nusu, siuachi.

Nyumbani kwangu hatufugi mbwa. Wanangu wameomba mara nyingi, na mara zote nimesema hapana bila sababu, mpaka mwaka huu, binti yangu wa kwanza alipotimiza miaka kumi na kuniambia kwamba hapana isiyo na sababu si haki. Tulikuwa tukipepeta mchele uani. Nikaacha ungo, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imetulia ndani ya mchele, kisha akauliza kama ningesema siku ile, pale kwenye mkokoteni, Mjomba angepona.

Nilitafuta jibu ambalo mtoto angeweza kulibeba. Nilifikiria kumwambia kwamba Mungu ndiye ajuaye, jambo ambalo ni kweli, na ambalo watu waliniambia mara nyingi matangani bila kujua wanamwambia nani.

"Angepona," nikamwambia. "Angekuwa babu yako sasa, na ungekuwa unamkimbilia."

Akanisogelea akaniegemea begani, tukakaa hivyo. Mchele ulikuwa umejaa chuya na hakuna aliyeuchambua.