Lugha Aliyoificha Mama

Mama yangu alipokea simu za ofisi ya maji kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyepiga akahisi kwamba anaongea na mtu wa milimani. Sauti yake ilikuwa imenyooka. Watu walipiga wakifoka kuhusu bomba lililopasuka, wakaishia kumshukuru, na bomba bado linamwaga. Wakubwa waliwaleta wageni mezani kwake ili wamsikie tu akisema, "Ofisi ya maji, nikusaidie nini?"

Lugha hiyo ya mjini hakuzaliwa nayo. Alishuka kutoka milimani akiwa na miaka kumi na saba, hajui hata kuomba maji ya kunywa, akapata kazi ya kufagia ofisi hiyohiyo. Gazeti la jana la meneja alilitoa kwenye pipa la taka, akajifungia nalo chooni na kulisoma kwa sauti ya chini, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka wenzake wakadhani anaumwa tumbo. Akajiandikisha masomo ya jioni. Mtihani alifeli mara mbili, wa tatu akapasi. Kwa hilo namvulia kofia mpaka leo. Mwanamke aliyejifundisha lugha chooni mpaka akalipwa mshahara kwa kuizungumza si wa mchezo.

Ila mjini kwetu mtu wa milimani ni kichekesho: hana akili, haogi, ukimpa kiti anakaa chini. Vichekesho hivyo vilipigwa ofisini kila saa ya chai, na bingwa wa kuvisimulia alikuwa nani? Mama. Aliuigiza ule ulimi mzito, akayaburuta maneno, watu wakashika mbavu. Nyumbani hakutamka hata neno moja la kwao. Wajomba walipokuja kutoka milimani walipewa chai chapchap na kusindikizwa stendi kabla majirani hawajarudi kutoka kazini. Mimi nilijua, na nilijua pia kwamba hayo si ya kusemwa nje.

Nikawa mwalimu wa lugha, tena ya mjini, tena mkali. Darasani kwangu kuna kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto akisikika anaongea lugha ya milimani, anakivaa shingoni mpaka amnase mwenzake akiiongea. Sikukianzisha mimi, nilikikuta. Lakini kamba yake ilipokatika, ni mimi niliyenunua mpya.

Mwaka huu mama wa mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, mtu wa milimani, alikuja kuniomba binti yake asivalishwe tena kibao. Alisema mtoto ameanza kunyamaza hata nyumbani. Nilimjibu mbele ya walimu wenzangu, "Mama, hapa ni shule, si mlimani." Wenzangu walicheka sana, nami nikajiona nimesema.

Wiki tatu baadaye Mama alianguka bafuni. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na alipozinduka hospitalini, lugha ya mjini haikuwepo tena. Miaka yote ile ya gazeti na simu, yote imefutika. Daktari aliniambia hutokea, mtu akabaki na lugha ya utotoni peke yake. Na hiyo ndiyo ambayo mimi sikuijua hata salamu.

Kwa siku nane Mama alisema maneno yaleyale. Kila wauguzi walipomgeuza kulia alipiga kelele, kisha akanikazia macho na kuyasema, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mimi nilitikisa kichwa. "Ndiyo, Mama, nimekusikia." Nilikuwa namdanganya. Alipoanza kuwasukuma wauguzi, waliufunga mkono wake wa kushoto, ule mzima, kwenye kitanda kwa bendeji.

"Anaweweseka tu," daktari alisema. "Ni ubongo."

Muuguzi mmoja hakujisumbua hata kushusha sauti. "Hawa wa milimani ndivyo walivyo. Wakaidi hata wakiumwa."

Nilitaka kumrukia. Halafu nikakumbuka kwamba maneno hayo nimeshayasema mwenyewe, nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi.

Wajomba walishakufa, na namba za watoto wao sikuwahi kuziomba. Nilizunguka hospitali nzima nikiuliza, wafagizi, walinzi, wapishi: kuna anayejua lugha ya milimani? Wote walikana. Mlinzi mmoja alikana kwa ulimi uleule mzito, macho yamekwepa pembeni. Sikuwa na uso wa kumlaumu.

Siku ya tisa asubuhi nilikwenda barazani kwa yule fundi. Alikuwa akishona sare, na aliponiona mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

"Mwalimu! Leo umepotea njia?"

"Mama yangu amelazwa. Anaongea lugha ya milimani, na mimi simwelewi."

Cherehani ilisimama. "Mama yako ni wa kwetu?"

"Ndiyo." Nina miaka arobaini na moja, na sikuwahi kulijibu swali hilo hivyo.

Alinitazama weee. "Na wewe ndiye unayemvalisha mwanangu kibao."

Nililia pale pale, mbele ya wateja wake.

"Nyamaza, machozi yanatuchelewesha," alisema akijitupia mtandio. "Twende. Namwendea yeye, sio wewe."

Wodini aliinama, akamsalimu Mama kwa lugha yao. Ule uso! Sijauona ukifunguka hivyo maisha yangu yote. Mama aliongea bila kupumua, na fundi aliitikia, akauliza, akaitikia tena. Kisha akaifunua shuka na kugusa nyonga ya kulia kwa ncha za vidole. Mama akapiga yowe.

"Mwalimu, amevunjika hapa," fundi alisema. "Aliusikia mfupa ukilia kule bafuni. Amewaomba wasimlaze upande huu. Anasema wewe amekuambia kila siku, na kila siku unamjibu umesikia."

Walimpiga picha siku hiyohiyo. Mfupa ulikuwa umevunjika, na damu iliyoganda mguuni ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Kumpasua haiwezekani, daktari alisema, amechelewa mno. "Kama angesema mapema..." Akaitazama sakafu.

Hatukuwa na siku nyingi. Nilimwomba fundi anifundishe sentensi moja tu: Mama, nisamehe, sasa nimekusikia. Tulikaa kwenye benchi la korido, yeye akisema, mimi nikifuata. Mimi mwalimu wa lugha sikuweza. Ulimi ulikuwa mzito, maneno nikayaburuta, wapita njia wakageuka kututazama. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Alinirudisha mwanzo mara kumi, mara ishirini, mpaka akasema inatosha, mama yeyote ataelewa.

Bendeji ya mkononi walikuwa wameshamfungua. Niliinama sikioni mwake, nikaisema sentensi yangu yote bila kukwama.

Alielewa. Niliona wazi kwamba ameelewa, maana macho yalimtoka. Haikuwa furaha. Mkono wake wa kushoto ulipanda, ukaniziba mdomo, huku akiwaangalia wagonjwa wa vitanda vya jirani, mmoja baada ya mwingine. Akanong'ona kitu.

Nilimgeukia fundi. "Anasemaje?"

Fundi alilikunja pindo la mtandio wake.

"Anasema usiongee hivyo, mwanangu. Watakusikia."