Mke wa Kinanda Anataka Wimbo Mmoja

Kuna swali ambalo Fundi akiulizwa, hata kama ana nguo ya mtu chini ya sindano, huondoa mguu kwenye cherehani na kuvuta pumzi kwanza. Swali lenyewe ni hili: "Kwa hiyo nyinyi huko kila siku ni raha tu?" Huulizwa na ndugu wanaopiga simu kutoka mbali. Watu wameuona mji wa kina Fundi kwenye kalenda, zile taa za ufukweni na wale wasichana wanaocheka na glasi mkononi, basi wanadhani kila anayeishi pale hulala mchana na kucheza usiku kucha. Fundi hulala usiku. Mchana hushona sare za wahudumu wa hoteli, vitambaa vya meza vya hoteli, na magauni ya wanawake wanaokwenda kucheza kwenye hoteli hizo hizo. Kesho yake wanamrudishia gauni pindo limefumuka, wakisema jana tulicheza, Fundi, jana tulicheza. Yeye anapokea gauni na kumeza mate.

La kuudhi zaidi ni kwamba anayewachezesha ni mume wake.

Mji mzima humwita Kinanda, kwa sababu hupiga kinanda kwenye bendi ya hoteli moja kubwa, tena hukipiga hasa. Tangu waoane, jua likizama huvaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe, akatoka. Akirudi, Fundi yuko usingizini. Siku yake ya mapumziko, vidole vimechoka, miguu imechoka, masikio yamechoka. Anajibwaga kwenye kochi kama gunia la mkaa, wala usimguse. Fundi hajawahi kucheza na mumewe. Si sebuleni, si kwenye harusi ya mtu, si popote. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka, na mwenye akili zake aniambie kama ni jambo kubwa: wimbo mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho, mkono wa mumewe kiunoni mwake, watu wakiona.

Basi hoteli ikafunga ukumbi ili kubadilisha sakafu, bendi ikaambiwa ipumzike wiki nzima. Wiki hiyo hiyo dada yake Kinanda akaja kuwatembelea, mwanamke wa maneno mengi na viatu vingi, akashangaa kumkuta wifi yake amejiinamia kwenye cherehani siku ya Ijumaa.

"Wifi, mtu mwenye mume kama huyu si ungekuwa unamaliza soli kila mwezi?"

"Viatu vyangu ni vipya kabisa, wifi. Havijaonja ukumbi."

"Kaka," wifi aliita kuelekea kwenye kochi, "umesikia aibu hii?"

Kaka alikuwa amesikia, ila alijitia usingizi. Walimwamsha. Kwanza akasema tumbo halijakaa sawa. Halafu akasema ile klabu ya ufukweni wanayoitaka ina makelele, na mpiga kinanda wao anaparuza vitufe kama kuku anayetafuta chakula jaani.

"Nani amekuambia tunakwenda kusikiliza?" Fundi alisema. "Tunakwenda kucheza."

Kinanda akaanza kukohoa, kikohozi ambacho asubuhi hakikuwepo.

Fundi hakubabaishwa na kikohozi. Aliweka pembeni sare za hoteli, akatoa kitambaa cha bluu alichokuwa amekificha chini ya kabati akingojea sababu, akakikata kwa mshazari ili sketi ifunguke akizunguka. Alilishona gauni hilo mchana mmoja, huku wifi akimsimulia habari za watu asiowajua. Lilipokwisha, alilivaa akajizungusha mbele ya kioo, na sketi ikafunguka kama alivyotaka. Alifurahi kama msichana, akaona haya kufurahi hivyo, akamfokea mumewe avae haraka.

Klabu yenyewe ilikuwa juu ya mchanga, ukumbi wa mbao usio na kuta upande wa bahari, balbu ndogo ndogo zimetundikwa kwenye kamba. Mlinzi wa mlangoni alimpigia Kinanda saluti. Wahudumu wakamkumbatia. Walipewa meza nzuri pembeni mwa sakafu, na wimbo ukaanza, wa polepole, ule unaomfaa mtu aliyevaa sketi ya kufunguka. Fundi akasimama.

"Besi imezidi," Kinanda alisema, amekunja uso. "Unasikia? Itawapasua watu vifua."

Akaondoka kwenda kumweleza fundi mitambo. Wimbo ukaisha. Akarudi wimbo mwingine ukiwa katikati, akasema kuingia katikati ya wimbo si ustaarabu. Uliofuata akasema ngoja kwanza koo lilainike, akaagiza soda, akainywa kidogo kidogo, kama aliyeandikiwa na daktari. Wifi wakati huo alikuwa ameshacheza na bwana mmoja mwenye kofia, na mhudumu mmoja, na watalii wawili kwa pamoja, na kila akirudi mezani kujifuta jasho alimtazama kaka yake, akatikisa kichwa, akaondoka tena.

Mzee mmoja nadhifu alikuja kumwomba Fundi wacheze. "Ahsante, nimekuja na wangu," Fundi alimjibu. Wake huyo, alipogeuka kumwonyesha, alikuwa amepiga magoti nyuma ya spika, makalio juu, akitafuta waya uliolegea ambao hakuna mtu aliyemtuma autafute.

Fundi aliuma meno. Alijiambia avumilie, usiku bado mbichi.

Ndipo kiongozi wa bendi, mama mnene mwenye sauti nzito, alipomwona Kinanda. "Mabibi na mabwana," alisema kwenye kipaza sauti, "mnamjua huyu mtu? Huyu, siku ya harusi yake mwenyewe, aliinuka kwenye kiti cha bwana harusi akaenda kumpigia bibi harusi wimbo, bibi harusi akacheza huku analia. Wanaume wa leo mpo?"

Watu walishangilia. Na kweli ilikuwa hivyo. Siku hiyo Fundi alifungua ukumbi kwa kucheza na mjomba wake mwenye kitambi, machozi yanamtiririka, na baadaye aliwasimulia wateja wake habari hiyo mara nyingi, kila mara akiitia chumvi kidogo. Lakini leo, kabla makofi hayajatulia, Kinanda alikuwa ameshapanda jukwaani bila hata kuombwa, vidole vimeshatua kwenye kinanda cha mwenzake, na uso wake, uliokuwa na mikunjo tangu walipotoka nyumbani, umenyooka kabisa. Sakafu ikajaa. Wanawake wa mji mzima walikuwa wakichezeshwa na mume wa Fundi, na Fundi amekaa na sketi yake chini ya meza.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Aliinuka, akapita kwenye ujia wa jikoni, akatokea nyuma, kwenye kreti za chupa tupu na mitungi ya gesi, akasimama hapo akihema.

Kinanda alimfuata wimbo ulipokwisha. Ulipokwisha, si kabla.

"Wifi yako anasema umenuna."

"Kununa ni kwa watoto. Mimi nimechoka." Alimgeukia. "Nimekuomba gari? Nimekuomba nyumba ya ghorofa? Nimekuomba wimbo mmoja. Kama unaona aibu kuonekana na mimi, sema nijue, nirudi nikashone sare."

Kinanda alijifuta viganja kwenye suruali. Alitazama kreti, akatazama mitungi, akakosa pengine pa kutazama.

"Sijui kucheza," alisema.

"Hujui nini?"

"Kucheza. Sijawahi kujua."

"Wewe. Kinanda."

"Vidole vinajua. Hii," akaitazama miguu yake kama mtu anayetazama watoto wa jirani waliomvunjia dirisha, "hainisikii. Nilipokuwa kijana, kwenye sherehe wasichana walikuwa wanakuja kutuvuta tucheze. Mimi jasho linanitoka kabla hata muziki haujaanza. Nikaona mpiga kinanda havutwi na mtu. Ndiyo nikajifunza."

"Ulijifunza kinanda ili usicheze."

"Ndiyo."

Akili ya Fundi ilikuwa imeshafika mbali.

"Na siku ya harusi yetu?"

Kinanda akaanza kupanga chupa kwenye kreti.

"Nakuuliza wewe. Siku ya harusi."

"Mshereheshaji alisema maharusi wafungue ukumbi," Kinanda alisema polepole. "Nikawaona watu wote wale wametukodolea macho. Na kinanda kilikuwa karibu."

Kinanda kilikuwa karibu. Miaka yote, kila alipogombana na mtu huyu, Fundi aliukumbuka wimbo ule akapoa. Kwa ajili ya wimbo huo alimsamehe mambo ambayo mwanamke mwingine angefungasha virago. Kumbe mtu alikuwa anatafuta pa kujificha. Alitamani kumtwanga na kreti. Alitamani pia kucheka, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kila usiku nipo pale juu, nawaona wanaume, hata wenye vitambi, hata walevi, wanawashika wake zao wanakwenda tu. Nawatazama miaka yote. Mpaka leo sielewi wanafanyaje."

Aliyasema bila kumwangalia. Ndani, bendi ilianza wimbo mwingine, ukawafikia pale nyuma kwa mbali. Fundi alisimama kidogo, hasira bado zimemjaa, halafu akamshika mkono kama anavyomshika mteja asiyetulia akipimwa.

"Hapa. Kiunoni. Huo ni mfuko wa gauni, pandisha. Haya."

Hakuwahi kumpima mtu mwenye mwili mgumu namna ile. Kinanda alianza kuhesabu kwa sauti ya chini.

"Usihesabu," Fundi alisema.

"Nisipohesabu nitajuaje?"

"Utanifuata mimi."

Akamkanyaga. Akaomba radhi, akamkanyaga tena akiwa bado anaomba. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, na mhudumu akatoa kichwa.

"Kinanda, kiongozi anakuita. Watu wanataka uwapigie mmoja tena."

Fundi akamwachia mkono. Hata hakufikiri, ndivyo alivyozoea kufanya jua likizama. Lakini mkono wa kiunoni haukuondoka.

"Mwambie wapige wenyewe," Kinanda alisema.

Mhudumu alikwenda na salamu hizo, akauacha mlango wazi, na mwanga wa jikoni ukawamwagikia. Wapishi wakaanza kuchungulia, mmoja na sufuria yake mkononi, mwingine akimwita mwenzake aje aone. Nyuma yao akatokea wifi, jasho linamtoka, akasimama kimya kwa mara ya kwanza tangu afike. Fundi alihisi vidole vya mumewe vikiling'ang'ania gauni.

"Wanatuona," Kinanda alinong'ona.

"Wanatuona," Fundi alisema. "Mguu wa kushoto."

Kinanda akatoa wa kulia.