Harufu Iliyotembea Nyumbani Kwetu

Jina langu Mwanaidi, mzaliwa wa Timbwani, Likoni. Kabla ya maradhi nilikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Harusini mimi ndiye niliyeanzisha vigelegele, na meno yangu, bila kujisifu, yalisifiwa na watu wazima. Msinicheke kwa haya mapengo mnayoyaona.

Sigara nilianza nikiwa kidato cha pili. Hakuna aliyenilazimisha. Mimi na rafiki yangu Zuhura tukitoka shule tulipitia nyumba moja isiyomalizwa kujengwa, tukavuta moja kwa zamu. Baadaye kila mmoja akawa na zake. Wenzetu wa bara huficha harufu kwa peremende. Sisi watoto wa pwani, karafuu. Zuhura alinifundisha kuibana kati ya ufizi na mdomo. "Bana vizuri, shoga. Hata mamako akikubusu hajui." Nilikuwa nikiziiba kwenye kopo la viungo vya pilau. Ikawa hata kulala nalala nayo.

Mwaka ukapita. Nikipiga mswaki, damu. Basi nikaacha mswaki, nikawa nasukutua tu. Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Maumivu sikuyasikia, kwa kuwa karafuu hutia ganzi. Asubuhi nilikuta udenda mwekundu kwenye mto, nikaugeuza upande wa pili.

Alasiri moja mama alisimama katikati ya sebule, pua juu. "Kuna kitu kimekufa humu ndani."

Tukatafuta panya. Tukasogeza kabati, tukainua magodoro. Wallahi mimi nilitafuta kuliko wote, maana sikusikia harufu yoyote. Mama akasema, "Iko chumbani kwenu." Nikaingia chumbani, nikainama mvunguni. Nilipokwenda jikoni kutazama nyuma ya mtungi wa gesi, mdogo wangu Asya akaita, "Mama, sasa iko jikoni!" Tukatazamana sote watatu. Harufu ilikuwa inatembea.

Siku zile paka wa mtaani walianza kukaa mlangoni. Nikitoka, wanainuka. Hawalii, hawaombi chakula, wananitazama mdomo tu. Asya akabeba mto wake akahamia kwa mama. "Dada, ukilala kuna mtu anapumua ndani yako," aliniambia. "Na si wewe." Nilimfokea, kisha nikajifungia chooni nikalia.

Mama akaona ni jini. Akafukiza ubani, akaniletea kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi ili ninywe. Nilipoinamia sahani, damu ikanidondoka mdomoni, ikaenea kwenye yale maji ya manjano. Mama akapiga ukemi. "Amejidhihirisha!" Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Moyoni nilishajua harufu inatoka wapi. Nikaona afadhali jini abebe lawama kuliko mama ajue kwamba navuta.

Wiki hiyo homa ikanishika, tezi za shingo zikavimba, na nikigusa jino la mbele kwa ulimi, jino linalala. Hapo nikaogopa kikweli. Mama akanipeleka hospitali.

Daktari wa meno, mama mmoja mpole, alivuta mdomo wangu wa chini akamulika ufizi. Akachomoa kwa kibanio kitu cheusi kilichozama kwenye ufizi. Karafuu. Nyama iliyoizunguka ilikuwa ya kijivu, ikatoka nayo bila kuniuma.

"Ufizi huu umekufa," alisema. "Mwanangu, unavuta?"

Mama alikuwa amekaa karibu na miguu yangu. Nikatikisa kichwa kukataa.

"Nisikilize. Moshi huinyima nyama hii damu, na karafuu imekuficha maumivu. Nikikusafisha leo ukarudi kuvuta kwa siri, italiwa mpaka mfupa, na meno yote ya mbele yatakwenda. Unavuta?"

"Navuta." Neno lilitoka na damu. "Tangu kidato cha pili. Hakuna jini, mama."

Nikangoja kofi. Mama akasema polepole, "Angekuwa jini ningemfukuza. Wewe nikufukuze uende wapi?" Akanishika mguu, hakuuachilia mpaka sindano zote zikaisha.

Nilisafishwa mara nne. Nyama mfu ilikwanguliwa, nikapewa vidonge, nikasukutua maji ya chumvi hadi nikayachukia. Karafuu zilipokoma, maumivu ya mwaka mzima yakanijia kwa mkupuo. Meno mawili hayakuokoka. Mengine yamesimama, alhamdulillahi. Sigara niliacha, nikarudia, nikaacha tena.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru mama. Nanyi wadogo zangu, ufizi ukitoa damu msiufiche, na msidhani kisichouma hakidhuru. Mwambieni mtu mzima mapema, hata kama mnaogopa kipigo. Kipigo hupoa.

Miaka minne sasa. Mama hajanisimanga hata siku moja. Ila kila asubuhi, kabla ya salamu, huniita.

"Mwanaidi."

"Abee, mama."

"Fungua."

Nami hufungua mdomo. Yeye huinama karibu kabisa, hufumba macho, huvuta pumzi taratibu. Akisharidhika, ndipo hunipa mkono nimwamkie.