Fimbo ya Njia na Yadi ya Fundi Salumu

Siku yangu ya kwanza kazini, stesheni ya Shinyanga, Stesheni Masta alinikabidhi fimbo nyekundu ya mbao. "Shika vizuri," akasema. "Hizi ni roho za watu."

Reli yetu ilikuwa moja, ya kwenda na kurudi. Dereva mwenye fimbo ndiye mwenye njia. Asiye nayo angoje. Kazi yangu ilikuwa kumpa dereva fimbo hiyo. Mnacheka? Ukikosea hapo, unarudi kwenu kulima pamba.

Tulikuwa na mgonjwa wa mapenzi ya treni, Fundi Salumu mshonaji, aliyejua kila injini kwa mlio wake. Mwaka ule akaanza kuchoka. "Ni zilezile tu, bwana mdogo. Nimezimaliza." Treni ilipita, naye hakuinua macho kwenye cherehani. Nilimsikitikia kweli.

Kisha ikaletwa injini mpya, ndefu, yenye matangi ya maji mbele na nyuma. Loo! Fundi alikuja mbio na yadi yake ya mbao, kamwacha mteja dukani na suruali ya mguu mmoja.

"Lazima niipime!" Akapima, akapima. "Hebu nishikie yadi, niandike."

Nikashika yadi mkono huu, fimbo mkono huu, macho yangu yote kwenye injini. Ikapiga mlio. Nikampa dereva, akapokea bila kutazama, treni ikaondoka.

"Yadi yangu iko wapi?" akauliza Fundi.

Nikatazama mkononi. Fimbo nyekundu! Mayo!

Stesheni Masta hakupiga kelele. Alichukua karatasi, akaanza kuandika barua ya kunifukuza.

"Bwana Masta, kosa ni langu," Fundi akamsihi.

"Nyamaza wewe."

Mara tukasikia mlio. Dereva alikuwa amegundua kwenye signali, anarudi kinyumenyume, yadi kaitoa dirishani, matusi yanamtangulia. Stesheni Masta akatoka na kalamu yake, akaitazama injini yote hadi iliposimama. Akamgeukia Fundi, sauti chini.

"Ulifika yadi ngapi?"

"Sijamaliza, bwana."

"Kamalize. Upesi!"

Nilifanya kazi mpaka nikastaafu. Watu huniuliza kama stesheni moja haichoshi. Itachosha vipi, na treni hazikomi kubadilika? Barua ile niliiokota nikifagia, ninayo hadi leo. Imeandikwa jina langu, kisha, "Kuanzia leo umeachishwa", ikaishia hapo. Chini yake, kwa mwandiko uleule: yadi ishirini na tano na nusu.