Bahasha ya Picha ya Shingo Niliyoikalia Siku Mbili

Nilikosea, na watu wa nyumbani hawajui mpaka leo.

Naishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, na hapa kwetu mimi ndiye msomaji wa karatasi zinazotoka mjini. Tumezoea hivyo: karatasi husomwa kwanza nyumbani, kwa Kiswahili, watu wakisikiliza, ndipo iende inakokwenda.

Kuna siku nilikosea kutafsiri mbele ya kanisa. Shemasi akaniambia, "Profesa wa simu, leo chaji imekuishia?" Bantu bote, kanisa zima, wakacheka. Niliapa sitachekwa tena.

Kisha Mama Neema, jirani yetu, mshonaji na kiongozi wa kwaya, akaumwa jino la nyuma. Uvimbe ukashuka chini ya taya hadi shingoni. Daktari wa kliniki ya kambini akamtuma mjini Lilongwe kupigwa picha ya skana. Ijumaa nikatumwa kuchukua majibu. Dada wa dirisha la majibu alinipa bahasha akasema, "Mpe daktari leo hii."

Leo hii! Nilimsikia vizuri.

Niliifungua kwenye minibasi. Nilielewa "jino" na "usaha". Mengine yote, majina ya sehemu za shingo, sikuyajua.

Mama Neema alikuwa amekaa mlangoni, kitenge kimezungushwa shingoni.

"Mwanangu, karatasi inasema nini?"

"Bado haijatoka, Mama. Wamesema Jumatatu."

Uongo mtupu! Nilitaka tu muda wa kuitafsiri bila doa.

Jumamosi kutwa nilifuta na kuandika upya. Kupitia ukuta nilimsikia. Sauti yake ilikuwa imegeuka, kama mtu anayeongea na tonge la nsima ya moto mdomoni. Mate yalimshinda kumeza, akawa anayatema kwenye kikopo.

"Mama, lala kidogo," binti yake alimbembeleza.

"Mi silali. Nikilala, pumzi inakatika."

Nilisikia hayo yote! Nikarudi kwenye mstari wa nne.

Jumapili asubuhi nikafika mstari wa mwisho: usaha unashuka kuelekea kifuani, njia ya hewa imebanwa, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Nilikimbia na bahasha na daftari langu. Nilimkuta Mama Neema kliniki tayari, wanampandisha kwenye gari la wagonjwa.

Daktari aliisoma ile karatasi kwa muda wa kufunga kiatu. Kiingereza anakijua! Daftari langu hakuligusa. Akatazama tarehe, kisha akanitazama mimi. Akaingia na karatasi garini.

Lilongwe walimpasua shingo kutoa usaha, wakamtoboa koo apumue. Yuko hai. Kama sauti itarudi, hakuna anayetuahidi.

Nilipokwenda kumwona, aliomba kalamu. Akaandika: "Aksanti mwanangu. Karatasi ilichelewa, haiko kosa yako."

Nikaikunja ile karatasi yake, nikaitia mfukoni. Jamani, ukweli sikumwambia!

Ninyi mnaosomea wenzenu karatasi, nawasihi: ya daktari ifike kwa daktari, hata kama hamjaelewa hata herufi moja. Na uvimbe wa jino ukishuka shingoni, msisubiri Jumatatu ya mtu yeyote. Semeni "sijui" pale pale mlangoni. Wacheke!

Kwetu siku hizi hakuna anayenicheka. Shemasi alisimama kanisani kunishukuru kwa kuikimbiza karatasi, na kwaya ikaimba bila Mama Neema.