Fomu Iliyokuwa Inatembea Peke Yake

Wakati ule nilikuwa ninatunza mashine za depo moja ya dawa, hapa Butembo. Seva ilikuwa kwetu, nyuma ya duka. Wenzetu wa Beni walikuwa wanaingia ndani yake kwa njia ya intaneti, wanaona kwenye vioo vya kompyuta zao kazi ambayo kwa kweli inafanyika Butembo. Mama mmoja wa Beni ndiye aliyekuwa anaandika dawa zote zinazoingia na kutoka. Alikuwa na sauti ndogo sana. Akinipigia simu, nilikuwa nafunga dirisha kwanza ndipo nimsikie. Aliugua siku chache tu, akafa. Tulishuka Beni kumzika, tukarudi.

Baada ya matanga, ile fomu aliyokuwa anaandikia dawa kwenye mashine ikaanza kuwa nzito. Ukiifungua, picha inakuja kipande kwa kipande, kisha jina, kisha bei. Asubuhi, Beni ikiwa bado haina umeme, haikuwa na shida. Mchana, umeme ukirudi Beni, ilikuwa kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. Niliondoa picha kubwa, nikaizuia isivute dawa zote kwa mara moja. Ikapata nafuu, kisha ikarudia. Ndipo nikaangalia nani yuko ndani ya seva saa hiyo.

Jina lake lilikuwamo. Wala halikuwa limelala, lilikuwa linafanya kazi.

Nilifikiri mtu fulani alijua neno lake la siri. Nikalikata lile jina kwenye seva, bila kulifuta. Kesho yake, umeme uliporudi Beni, likaingia tena. Safari hii niliomba seva inionyeshe kile ambacho yeye angekuwa anakiona. Fomu ilikuwa inapita dawa moja baada ya nyingine. Inafika, inasubiri picha ije, inaenda mbele. Hakuna kilichoandikwa. Ndivyo alivyokuwa anakagua stoki yake, mchana, bila haraka.

Nikampigia gérant, msimamizi wa duka la Beni. Alisema chumba cha marehemu kimefungwa tangu mazishi na ufunguo uko kwake. Nikamwomba akifungue bila kukata simu. Nikasikia ufunguo, kisha mlango.

“Hapana mutu huku,” akasema. “Na kioo iko giza.”

Mbele yangu fomu ilikuwa inaendelea. Gérant akaniuliza, kwa sauti ya chini, ninaona nini.

“Iko natembea,” nikamwambia.

Nikamsikia anafunga mlango tena haraka.

Asubuhi iliyofuata nilipanda gari la Beni. Gérant alibaki kwenye koridoo, akasema atasubiri hapo. Nilingoja umeme, kisha nikaingia na mama mzee anayeuza dawa kwenye kontuari, mbele ya duka, ambaye alifanya kazi na marehemu miaka mingi. Meza yote, isipokuwa kioo, ilikuwa imefunikwa kitenge. Chini yake taa ndogo ya mashine ilikuwa inawaka. Kilichozimwa kilikuwa kioo tu. Nikafunua. Juu ya vitufe kulikuwa na kitabu kinene cha nyimbo za kanisa, na pembe yake imekandamiza kitufe cha kushuka chini.

Mama mzee alisema ni yeye aliyekiweka, siku ya mazishi, ili nafasi ya mwenzake isibaki wazi. Na mashine tulikuwa tumeipanga zamani iamke yenyewe umeme ukirudi, iingie Butembo kwa jina lake na kufungua fomu, ili marehemu asihangaike kila mara.

Niliwasha kioo, nikainua kitabu. Fomu haikusimama. Ikapita dawa nyingine, na nyingine tena. Sababu ninaijua: amri zilizokwisha kutumwa zilikuwa bado zinangoja zamu yao kwenye laini nzito. Ninaijua vizuri. Lakini mama mzee alianza kuomba kwa Kinande, taratibu, na mimi nikakishika kile kitabu kwa mikono miwili. Mwishowe ikasimama kwenye sirupu ya watoto.

“Sasa utamutosha mule ndani, aende?” akaniuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Basi usimukate gafula.”

Sikumkata. Nilikaa kwenye kiti chake, nikafunga fomu, nikatoka kwenye seva kwa njia ya kawaida, kama alivyokuwa anafanya akienda nyumbani. Niliporudi Butembo ndipo nikafuta jina. Tangu hapo fomu inafunguka mara moja, huku na kule. Gérant hakukubali mtu mwingine akae mle. Alikijaza chumba katoni za serumu mpaka mlangoni.