Kokubanza na Kobe wa Nchi Kavu

Kwa miaka ishirini na sita Kokubanza alipokea kahawa katika ghala moja la Muleba. Mkulima akishusha gunia, yeye alichota kahawa ya maganda, akaitikisa karibu na sikio, kisha akauma punje moja. Mashine ya kupimia unyevu ilikuwepo mezani, lakini wakulima walimwamini yeye zaidi, hata wale aliowarudisha na magunia yao. Hakumwaibisha mtu. Alisema tu, kwa heshima ya Kihaya, "Siku mbili tena za jua, waitu, halafu uniletee mwenyewe."

Alipostaafu alihamia Nyanga, pembeni mwa mji wa Bukoba, kwenye nyumba yake iliyo ndani ya kibanja cha migomba. Jirani yake alikuwa Mzee Protase, dereva mstaafu, mgane, aliyerudi nyumbani baada ya kuishi Kondoa miaka mingi. Alirudi na kobe mkubwa mwenye madoa, aliyemfuga kwa kibali tangu mkewe akiwa hai. Marehemu ndiye aliyempa kobe yule jina, Mtulivu.

Protase alimweka katika banda la matofali nyuma ya jiko, sakafu ya saruji, nyasi juu yake. Kule Kondoa banda kama hilo lilitosha. Bukoba ni mvua. Ilipofika Aprili, Mtulivu aliacha kula, akawa anatoa povu puani na kupumua kwa kunyoosha shingo.

Bwana mifugo alikuja, akamchoma sindano, akapapasa zile nyasi.

"Mapafu yameugua," alisema. "Huyu ni mnyama wa nchi kavu. Nikimtibu halafu akalala tena kwenye unyevu huu, dawa itapotea bure."

Protase akaenda moja kwa moja kwa Kokubanza. "Ma Kokubanza, wewe ndiye unayejua unyevu. Nisaidie."

Alikuja siku ile ile. Alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni, akakiacha hapo kwa muda. "Hapa hata kahawa ningeikataa," alisema.

Alileta magunia mawili ya makapi ya kahawa yaliyokauka vizuri, akayatandaza banda zima. Siku mbili za kwanza palikuwa pakavu. Siku ya nne makapi yalikuwa yameshika ukungu mweupe kwa chini, na bwana mifugo alipopita aliongeza jambo ambalo hawakulijua: kobe akiyala makapi yale yanaweza kumdhuru.

Protase akamgeukia Kokubanza. "Nilidhani unajua."

"Kahawa ninaijua. Kobe simjui," alijibu Kokubanza. "Nimekosea, mzee. Niache niyatoe."

Aliyazoa yote mwenyewe. Mtu mwingine angeishia hapo kwa aibu. Yeye alinawa mikono, akamfuata bwana mifugo ofisini kwake, akamuuliza maswali mpaka yule kijana akavuta kiti akae vizuri. Hapo alielewa kwamba hata ukavu uliozidi humwumiza kobe, ngozi na macho. Kahawa hubaki pale unapoianika, lakini kobe ana miguu. Anatakiwa apate pakavu na penye unyevu kidogo, achague mwenyewe.

Akanunua kipima unyevu cha hewa, akakitundika ukutani. Kilisoma asilimia sitini na nne, karibu na kiwango alichotaja bwana mifugo. Protase akafurahi. Kokubanza alikitazama, akakishusha, akakilaza sakafuni na kusubiri. Kikapanda hadi tisini.

"Tulikuwa tunapima hewa yetu," alisema. "Yeye anavuta ya huku chini."

Wiki ile walijenga. Protase alipigilia mbao, Kokubanza alielekeza. Walitengeneza chanja kama ya kuanikia kahawa, lakini imara, yenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa shibiri moja na mteremko wa kupandia. Walitoboa madirisha mawili ya wavu yanayotazamana, chini kabisa ukutani, hewa ipite pale kobe anapolala. Upande mmoja walining'iniza taa ya kulelea vifaranga. Upande wa pili waliweka sanduku la udongo wenye unyevu kidogo. Majirani waliopita walicheka: Kokubanza ameacha kahawa, sasa anaanika kobe. Naye alicheka nao, akaendelea kusoma kipimo asubuhi na jioni, akifungua dirisha hili na kulifunga lile, mpaka kikatulia kati ya hamsini na sitini.

Sindano ziliendelea. Siku ya tisa Mtulivu alishuka kwenye chanja, akatembea polepole hadi kwenye jani la boga, akaling'ata. Protase aligeukia ukutani. Kokubanza alitoka nje, akamwachia nafasi.

Mwaka huu, wakati wa masika, Protase alikwenda Mwanza kupasuliwa jicho, akakaa wiki tatu. Ufunguo wa banda alimwachia Kokubanza. Aliporudi alimwinua Mtulivu kwa mikono miwili, akashangaa uzito wake.

"Umemlisha nini?"

"Majani yale yale. Mvua ikitoka ziwani nafunga dirisha la mashariki, ikikatika nafungua." Akamvutia kigoda. "Kaa, mzee, daktari amekukataza kuinama. Nikueleze na mengine niliyoyaona."

Protase akakaa, kobe mapajani, akamsikiliza.